Mama Vali Aikataa Gundi

Mama Vali alikanyaga pedali, na ute wa yai ukaanza kupanda kwenye mrija.

"Mnaona?" alisema, bila kumtazama yeyote. Alikanyaga tena. Ule ute alikuwa ameuchanganya na wanga mpaka ukawa unanata kama makamasi ya mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Ulijikokota, ukakwama kidogo kwenye kona ya mrija, ukashuka ndani ya chupa kwa mlio wa kubusu.

Chumba cha majaribio cha kiwanda kilinuka plastiki ya moto. Meneja, mwanamume mwembamba aliyezoea kusikiliza akiwa amesimama, aliinama akaikagua chupa.

"Inafyonza vizuri, mama. Sijasema haifyonzi."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema tuifunge kwa gundi. Hizi skrubu zitoke."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mdogo wake Mama Vali, mkunga, akiwa na sare yake kwa kuwa zamu ilikuwa inamsubiri. Alikuja kuona pampu ikikubaliwa. Pampu ile ilikuwa yake kwa namna fulani, maana kila alichobuni Mama Vali maishani kilianzia kwenye malalamiko ya mdogo wake.

Mama Vali alianza kazi akiwa fundi wa mashine za kujaza sabuni ya maji kwenye chupa. Pale ndipo alipojifunza tabia za vimiminika: kipi kinakimbia, kipi kinavuta miguu, kipi kinaficha povu. Kisha mdogo wake, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, akaja nyumbani analalamika kwamba anashinda akikodolea macho chupa za dripu zisije zikaisha hewa ikaingia kwenye mshipa. Mama Vali akatengeneza vali ndogo inayojifunga yenyewe maji yanapokwisha. Vali hiyo ndiyo iliyompa jina. Wengine waliiga, wakaiuza kama yao, naye akacheka tu akasema angalau wameiga sawasawa. Baadaye vikafuata kipimo cha dawa za watoto, kibano cha mrija kisichoteleza mkono ukiwa na damu, na sasa pampu ya mguu ya kufyonza makamasi, isiyohitaji umeme wala mikono ya mkunga.

"Skrubu hazitoki," alisema.

"Naomba bisibisi," meneja alijibu kwa upole.

Alizifungua zile skrubu, akakitoa kisahani cha vali, duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa, akakigeuza juu chini, akakirudisha, akafunga. Kilikaa vizuri kabisa. Akautumbukiza mrija kwenye bakuli la ute, akakanyaga.

Bakuli likachemka mapovu.

"Huo mrija," alisema, "uko kwenye koo la mtoto."

Mkunga alishika mdomo. Mama Vali aliyatazama mapovu yakipasuka moja moja mpaka la mwisho. Pampu yake, iliyotengenezwa kuvuta, ilikuwa inapuliza.

"Sikuliona hilo," alisema.

"Hakuna aliyeliona. Mimi mwenyewe nimeligundua jana. Sikubishii kwa kupenda kubisha. Tukiiziba kwa gundi hakuna wa kuifungua, na hakuna wa kuikosea."

"Na hakuna wa kuisafisha."

"Ikiziba watanunua nyingine."

"Nani? Wapi?" Sauti yake ilipanda sasa. "Hospitali ya mdogo wangu ina chumba mwisho wa korido, mlango haufunguki vizuri kwa jinsi kulivyojaa. Mashine zilizokufa. Zote zimezibwa, hazina hata tundu la kuingiza kucha. Nimewahi kuikata moja kwa msumeno. Unajua kilichoiua? Tone la maziwa lililokauka, dogo kama punje ya mchele. Mashine nzima, kwa punje!"

Meneja alijipangusa paji la uso. "Kalibu za kumiminia plastiki zinaanza kuchongwa wiki ijayo. Nisipopeleka pampu hii, mashine zinaingia kwenye vifuniko vya majagi. Mchoro ni wako. Bila neno lako siwezi kufanya kitu. Sema ndiyo, tuanze."

"Nipe muda nilitibu hilo la kugeuka."

"Muda ndio sina."

"Basi tengeneza vifuniko," alisema Mama Vali, akaanza kuichomoa mirija na kuipanga kikapuni.

Nje ya geti mdogo wake alimwacha atangulie hatua chache, kisha akamshika mkono kwa nguvu.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekataa."

"Nimekuona ukikataa! Toka tuko wadogo nakuona ukikataa. Unajua wiki hii nimefanya nini? Mashine yetu imekufa, ikabidi nifyonze kwa mdomo. Mrija upande huu, mtoto upande ule. Nikatema, nikafyonza tena. Wewe unapigania skrubu, mimi napigania pumzi ya mtu."

"Ukipewa ya gundi, ikaziba mwezi wa pili, utafanya nini?"

"Nitakuwa nimepata mwezi mmoja!"

Lori lilitoka getini likawafunika vumbi. Mama Vali alikuwa na jibu la meneja, la bodi ya kiwanda, na la wote waliomwambia mwanamke haelewi shinikizo la maji. La mwezi mmoja hakuwa nalo.

"Sitaki upate mwezi mmoja," alisema hatimaye. "Nataka upate miaka."

"Watoto hawazaliwi kwa ratiba ya unachokitaka wewe." Mkunga aliuachia mkono wake, akaondoka kwenda zamu bila kugeuka.

Nyumbani kwa Mama Vali, mumewe alikuwa sebuleni nyuma ya cherehani, futi kamba shingoni. Sebule ilikuwa duka lake la ushonaji. Chumba cha nyuma kilikuwa karakana ya mkewe, na pazia la katikati lilikuwa mpaka wa nchi mbili zilizoibiana mikasi.

"Leo umegombana na nani?"

"Na meneja."

"Na nani mwingine? Uso huo si wa mtu mmoja."

Akamweleza yote. Mumewe alisikiliza huku akiunga pindo la suruali, na alipomaliza akakata uzi kwa meno. "Kwa hiyo meneja alikuwa na haki."

"Alikuwa na haki kuhusu kosa. Hakuwa na haki kuhusu dawa yake."

"Na mdogo wako?"

Mama Vali alipita pazia.

Alichonga kisahani kipya chenye vijipembe viwili upande wa juu. Ukikigeuza, pembe zinagonga chini na kifuniko hakifungi. Alikijaribu mpaka vidole vikafanya malengelenge, kisha Jumamosi asubuhi akaenda kwa mdogo wake, ambaye hakuwa amemtumia hata salamu tangu siku ile. Alimkuta uani anafua sare.

"Nimekuja uiharibu," alisema, akiweka pampu juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Sina muda wa michezo."

"Dakika moja. Kigeuze hicho kisahani, ufunge."

Mkunga alijifuta povu la sabuni kwenye khanga, akakishika kisahani kama mtu anayemshika kuku wa kuchinja. Alikigeuza. Pembe zikagonga. Akakibana kifuniko, akakaza skrubu, akakaza tena, meno nje. Ndani kukalia *ta!* Kifuniko kikafunga. Pembe zote mbili zilikuwa zimevunjika.

"Haya. Imeharibika. Nenda nayo."

Mama Vali hakuondoka. Mkunga alirudi kwenye beseni, akakamua sare moja kana kwamba ina deni naye, kisha mikono ikasimama.

"Tatizo lako unanizuia kwa nguvu," alisema, bado kampa mgongo. "Mtoto akiwa anageuka rangi ya bluu mbele yangu, mkono huu una nguvu za watu watatu. Ukinizuia kwa nguvu nitakushinda. Mimi nitadhani imekwama tu, nitasukuma. Sitakuwa na akili ya kujiuliza."

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hapo kwenye akili."

"Nimesema sitakuwa na akili ya..." Aligeuka. Dada yake alikuwa ameshafika kwenye lango na kikapu chake. "Hata kwaheri hakuna? Wee dada!"

Masika yote Mama Vali alikuwa nyuma ya pazia. Hakutaka tena kitu cha kushindana na mkono. Alikifanya kisahani kiwe na umbo la kikombe, kipana juu, chembamba chini, na kiti chake ndani ya pampu kikawa hivyo hivyo. Kikiwa sawa kinazama chenyewe, kama bilauri ndani ya bilauri. Kikigeuzwa kinabaki kimesimama juu, kirefu, na kifuniko hakiwezi hata kukaribia skrubu. Hakuna cha kuvunja wala cha kukaza. Vikombe vya kwanza vilivuja. Vilivyofuata vilinasa visitoke. Mumewe alikatiwa usingizi wake wa mchana mara nyingi ili akate mipira ya vali, kazi aliyoifanya vizuri na kuilaani vizuri, kwa sababu mpira uliua makali ya mkasi wake.

Kilipokubali, alikipeleka kiwandani. Meneja alikaa chini safari hii. Alikigeuza, akakilaza ubavu, akakisukuma, akajaribu kukishtukiza. Mwishowe akacheka, kicheko cha mtu anayependa kazi nzuri hata ikiwa si yake.

"Umeniweza. Lakini mashine zimejaa vifuniko, labda mwakani. Na hata hiyo mwakani, mama, bodi itasema gundi."

"Bodi ibaki na gundi yake."

"Ungesema ndiyo siku ile, sasa hivi zingekuwa kwenye wodi."

"Najua," alisema Mama Vali. Alisema bila kuinamisha kichwa, lakini akiwa njiani alisimama mahali pasipo na sababu ya kusimama, akaweka kikapu chini, kisha akakiinua tena.

Alianza kuzitengeneza mwenyewe, moja moja, kwenye mashine ya kukereza ya fundi jirani, saa ambazo fundi hakuwa na wateja. Zilitoka polepole mno. Ya kwanza iliyomridhisha aliifunga kwa kitambaa cha shuka, akaipeleka wodi ya wazazi mchana, mdogo wake akiwa zamu.

Mkunga aliifungua yote, skrubu kwa skrubu, akavitawanya vipande kwenye trei.

"Nina wakunga wapya humo ndani, hawajawahi kuiona," alisema. "Wataiunga wao. Wewe kaa nje."

"Nikae nje kwa nini? Nitanyamaza."

"Ukiwa ndani utawaelekeza kwa macho. Nakujua."

Mlango ukafungwa. Mama Vali akakaa kwenye benchi la korido, kati ya bibi aliyesinzia na kijana mmoja mwenye mfuko wa nguo za mtoto, mpya, bado na karatasi zake. Ndani alisikia trei ikisogezwa, kisha vipande vikigongana.

"Haingii," sauti ngeni ilisema.

Hakuna aliyejibu. Alimfahamu mdogo wake. Bila shaka alikuwa amesimama kando, mikono imekunjwa, mdomo umefungwa.

"Sista, imegoma."

Mama Vali aliinuka nusu. Akajilazimisha kukaa, akabana viganja katikati ya magoti.

"Hebu igeuze," ilisema sauti nyingine, ngeni pia. "Si unaona kule ni kwembamba?"

Skrubu ilianguka sakafuni ikaviringika, mtu akacheka, ikaokotwa.

"Samahani, mama," kijana wa benchi alimgeukia. "Na wewe una mgonjwa humo?"

Mama Vali alifumbua mdomo ajibu, kisha akainua kidole kumwomba asubiri. Nyuma ya mlango, mguu wa mtu asiyemjua ulikuwa umeanza kukanyaga.