Pilau ya Mahafali

Hasira ya Veneranda haikuanza siku ya mahafali. Ilianza wiki tatu kabla, Jumanne saa kumi na moja jioni, pale Catherine, kiongozi wa darasa la jioni la watu wazima, aliposimama mbele ya wenzake na karatasi mkononi akasoma majina ya kamati ya chakula.

"Mpishi mkuu," Catherine alisoma, kisha akainua macho na kutabasamu. "Hapo hata sina haja ya kusoma. Nani asiyejua?"

Darasa zima likageuka kumtazama Veneranda. Walikuwa watu ishirini na mmoja, wanawake wengi na wanaume wanne, wamebanana kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusa mbao. Wakapiga makofi. Hadija wa Ujiji, aliyekaa naye dawati moja tangu siku ya kwanza, akamgonga kiwiko. "Umeshahukumiwa, Mama Wema."

"Lakini siku hiyo mimi nasoma insha," Veneranda alisema. "Mwalimu si ameshanichagua?"

Mwalimu Castory alikuwa anafuta ubao. Kweli alikuwa amemchagua. Katika insha zote za darasa la jioni aliteua tatu zisomwe mbele ya mgeni rasmi, na ya Veneranda ilikuwa ya mwisho kwenye ratiba. "Utapika mapema," alisema bila kugeuka. "Saa nne sufuria iko chini, saa sita unasoma. Hakuna kitakachogongana."

Veneranda akakusanya daftari lake. Akaondoka na hasira yake kifuani kama mtu anayebeba kaa la moto kwenye kigae akiogopa lisidondoke njiani.

Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipofariki, akabaki kuwapikia wadogo zake watano kule Mwandiga. Tangu hapo hakuutua mwiko. Mtaa mzima wa Gungu walimjua kwa mkono wake. Kukiwa na harusi, anaitwa. Kukiwa na msiba, hata hasubiri kuitwa. Kipaimara, ubatizo, padri mgeni parokiani, yote Mama Wema. "Mkono wako umebarikiwa," walimwambia, wakilamba vidole. Zamani neno hilo lilimfurahisha. Siku hizi likimfikia sikioni anahisi mtu amemwekea mzigo mwingine kichwani.

Maana alishajaribu kuwafundisha. Mara mbili, tatu, aliwaita wenzake karibu na moto: njooni muone, kitunguu kikifika rangi hii ndipo unaweka nyama. Walicheka. "Sisi tutaharibu bure. Tunakuachia wewe." Wakaenda kukaa kivulini. Ilimchukua miaka kuelewa kwamba zile sifa zilikuwa namna ya kumfungia jikoni na kuondoka na ufunguo.

Na ile insha yenyewe ilizaliwa humo humo. Mwalimu Castory aliandika ubaoni: *Eleza jambo unalopenda kufanya wakati wa mapumziko.* Kabla Veneranda hajafungua daftari, watu watatu walishamjibia. "Wewe andika kupika."

Alirudi nyumbani akafikiri siku nne. Alifikiri akimenya vitunguu, akipepeta mchele, akikaanga samaki wa migebuka kwa mawese hadi moshi unamtoa machozi. Siku ya nne akiwa katikati ya kusonga ugali alijigundua: hapendi kupika. Anajua kupika, lakini hapendi. Jambo hilo lilimtisha kama dhambi. Akauacha ugali, akapiga magoti kando ya gunia la mkaa, akamwambia Mungu kwanza, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. *Bwana, mimi sipendi kazi hii ambayo wote wanasema ulinipa. Nimeifanya miaka thelathini na mitano. Unisamehe kama ni kosa, na kama si kosa unipe maneno.* Ugali uliganda. Usiku ule mumewe, Anatoli, aliusukuma pembeni ya sahani kwa kidole na kuuliza kama siku hizi shule inafundisha watu kupika saruji.

Maneno aliyapata. Aliandika kuhusu maua yake.

Kwenye kibaraza chake palikuwa na madumu kumi na moja ya njano, yale ya mawese, yaliyokatwa nusu na kujazwa udongo. Ndani yake aliotesha maua meupe na ya waridi, mbegu alizookota nje ya uzio wa kanisa. Kila jioni akitoka darasani, kabla hajavua kitenge cha kutokea, aliyamwagilia. Majirani wakipita waliuliza, "Yanaliwa hayo?" Na Anatoli, kila alipopita na kisanduku chake cha spana, alisema, "Ungepanda mchicha."

Hilo ndilo alilotaka kulisoma mbele ya watu, na mbele ya watu wawili hasa: Anatoli, na binti yao Wema aliyekuwa anajifunza ushonaji Mwandiga na ambaye, Veneranda aliona kwa hofu, alishaanza kusifiwa kwa chapati. Alitaka wasikie kwa masikio yao. Nyumbani alijaribu mara nyingi kuyasema, na kila mara mtu alikuwa na njaa.

Siku yenyewe, Veneranda alifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi na sufuria yake kubwa. Nyama ililetwa saa tano. Feliksi wa kamati, aliyeagizwa ailete saa moja, alishuka kwenye bodaboda akifuta jasho na kueleza habari ndefu ya bucha kufungwa.

"Feliksi," Veneranda alisema, "saa sita mimi nasoma."

"Usijali, Mama Wema. Wageni rasmi hawajawahi kuwahi."

Mgeni rasmi wa siku ile aliwahi. Saa sita kasoro robo gari lake lilikuwa getini.

Basi nyuma ya darasa, juu ya mafiga matatu, pilau ya watu themanini ndiyo kwanza inamiminiwa mchele. Mbele, ng'ambo ya ukuta, sherehe inaendelea. Dirisha lilikuwa wazi na Veneranda alisikia kila kitu: wimbo, sala, risala. Hadija alitoka mara moja kumwangalia, akavuta hewa puani. "Inanukia. Lakini wewe mbona umekunja uso hivyo? Hata nyama itakuogopa."

"Waambie wanisubiri."

"Nitawaambia."

Insha ya kwanza ikasomwa. Ya pili ikasomwa. Veneranda alikuwa amefunga daftari lake kwenye pindo la khanga, akikoroga kwa mkono mmoja na kulishika kwa mkono mwingine. Hapo akatokea Anatoli, na koti lake la Jumapili, akija kwa mwendo wa paka. Alikuwa amefuata mnofu.

"Nionjeshe kidogo, Mama Wema. Mle ndani maneno ni mengi."

"Wewe si nilikwambia ukae mbele?"

"Nitasikia hata nikiwa huku."

Ndani, Mwalimu Castory akasema, "Sasa tunamwita msomaji wetu wa mwisho, Veneranda."

Kabla Veneranda hajajibu, alisikia sauti ya Catherine, nyepesi na yenye furaha. "Mwalimu, huyo yuko jikoni, tusimsumbue. Mgeni wetu akionja chakula chake atakuwa ameisoma hiyo insha. Tumpigie makofi mpishi wetu."

Mle ndani wakacheka. Wakapiga makofi. Makofi ya nguvu, ya upendo kabisa.

Yaliyomshinda ni yale makofi. Wangemtukana angevumilia. Veneranda alisimama na mwiko mkononi, akasikia miaka thelathini na mitano ikipigiwa makofi ibaki palepale ilipo. *Bwana*, alisema moyoni, *nina hasira, na leo usiniondolee.*

Akamkabidhi Anatoli mwiko.

"Mimi?" Anatoli alisema.

"Maji yakikauka, toa kuni zote. Funika, weka makaa juu ya mfuniko. Basi."

"Mama Wema, mimi sijawahi..."

"Mashine ya boti unaifungua yote chini na kuirudisha. Kuni tatu hazitakushinda."

Akazunguka ukuta. Aliingia mlango wa mbele na majivu kwenye miguu, khanga ikinuka moshi, akapita katikati ya viti. Catherine alifungua mdomo. Veneranda hakumtazama. Alimwamkia mgeni rasmi, akafungua pindo, akatoa daftari.

"Mwalimu, nimeitwa," alisema. "Nimekuja."

Akalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Alisoma:

"*Nimezaa watoto wanne na nimepika maelfu ya vyungu. Kila kilichotoka mkononi mwangu kimeishia mdomoni mwa mtu, na kesho yake mtu huyo ana njaa tena. Silalamiki kwa kulisha watoto. Nalalamika kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda...*"

Wema, kwenye kiti cha mbele, alikuwa ameinua simu ampige picha. Akaishusha taratibu mapajani.

"*...Ndipo nikapanda maua. Sikuyapanda kwa faida. Niliyapanda kwa sababu hayaliwi.*"

Mlangoni pakatokea Anatoli. Alikuwa ameshika mwiko juu kama mshumaa, mafuta yakichirizika kwenye mkono wa koti.

"Mama Wema," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika na anayesikika na wote. "Yamekauka. Nifanyeje?"

Watu wakaguna. Mgeni rasmi akageuka. Veneranda aliinua macho, akamtazama mumewe wa miaka ishirini na mbili, fundi anayeitwa mpaka Kibirizi ziwani kusikiliza injini na kutaja ugonjwa wake bila kuigusa. Alishamwambia. Kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyofika ishirini. Angeweza kurudia. Ni pumzi moja tu, na pilau ingepona, na kila mtu angesema, unaona, hata akisoma akili yake iko jikoni.

Akashusha macho kwenye daftari.

"*Jirani yangu huuliza kama yanaliwa. Mume wangu kila akipita husema, ungepanda mchicha.*"

Hadija ndiye aliyeanza kucheka, kisha wanawake wote wa nyuma. Anatoli alibaki palepale mlangoni na mwiko wake. Hakurudi motoni wala hakuingia ndani. Alisimama akasikiliza, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na Veneranda akamsomea yote: mama yake aliyekufa, darasa la nne, madumu kumi na moja, na sala aliyosali kando ya gunia la mkaa. Harufu iliingia dirishani wakati bado ana ukurasa mmoja. Kwanza ndogo, kama mtu anachoma karatasi mbali. Kisha kila mtu akaijua. Catherine aliinuka, akakaa, akainuka tena akatoka mbio.

Veneranda hakuharakisha. Ule ukurasa aliusoma polepole kuliko yote, akisimama kwenye kila nukta kama alivyofundishwa.

Pilau ililiwa. Ya juu ilikuwa ya kahawia na chungu kidogo, ya chini ilikuwa mkaa. Mgeni rasmi alikula nusu sahani kwa adabu na kunywa maji mengi. Veneranda aliketi kwenye kiti, katikati ya wahitimu, akala sahani aliyopakuliwa na mtu mwingine. Mara ya mwisho alikula hivyo kwenye shughuli alikuwa mtoto.

Catherine alikuja na kumwinamia, moshi machoni. "Leo umetuaibisha, Vene. Mbele ya wageni."

"Pilau mmeichoma ninyi."

"Sisi tunajua nini kuhusu pilau?"

"Ndicho nilichokuwa nakisoma," Veneranda alisema. "Ulitoka kabla sijamaliza."

"Na harusi ya mwanangu mwezi ujao? Na huko utakuja kutusomea?"

"Nitakuja nimevaa. Utanionyesha kiti changu."

Catherine alisubiri acheke. Hakucheka. Catherine aliondoka akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kusoma uzeeni kunawaharibu watu. Hadija akamjibu kwamba njaa ndiyo inamsemesha, maana yeye Hadija pilau ya Mama Wema ameipenda hata ikiwa mkaa, lakini Veneranda hakuifurahia hata hiyo. Hata utetezi ulikuwa wa pilau.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Wema alitangulia na kiti walichoazima. Anatoli alibeba sufuria begani, ukoko mweusi ukigonga ndani kama debe. Walipokaribia nyumba akapunguza mwendo.

"Lile la mchicha," alisema mwishowe, "nililisema mara moja tu."

"Ulilisema kila ulipopita."

"Lakini ungenisemesha nyumbani. Si pale."

"Nyumbani ulikuwa unakula."

Anatoli akaihamishia sufuria bega la pili. Alipofika kibarazani aliitua kando ya madumu, akayatazama yale maua kama mtu anayeoneshwa wageni waliokuwa wamekaa kwake siku nyingi. Wema alisimama mlangoni, akimwangalia baba, akimwangalia mama.

"Sasa hii itaoshwaje?" Anatoli aliuliza.

"Utailoweka kwanza. Kisha majivu na mchanga."

Alisubiri. Aliona mkewe haendi popote. "Majivu yako wapi?"

Miaka ishirini na miwili, na nyumba yenyewe ina vyumba vitatu. Veneranda alihisi hasira ikimpanda upya, mbichi, kama ya asubuhi. Wema akapiga hatua kuelekea jikoni.

"Wema," mama yake alisema, "kaa."

Binti akakaa kwenye ngazi. Veneranda alichukua kopo, akalijaza maji pipani, akaanza na dumu la kwanza. Maua yalikuwa yameinama kwa jua la mchana. Nyuma yake alimsikia Anatoli akiingia jikoni, akisogeza kitu, akiangusha kingine, akifungua mfuniko usiohusika. *Asante, Bwana*, alisema moyoni, bila kupiga magoti. *Bado nina hasira.* Akahamia dumu la pili.