Nora na Vifungo Vyake

Ugonjwa mkubwa wa mama yangu, Bi Hilda, ni adabu. Tangu azaliwe hapa Halifax, ukimuuliza hali atakujibu, "Siwezi kulalamika." Hata siku niliyomkuta amenasa kwenye beseni la kuogea, hawezi kutoka, alisema maji yalikuwa mazuri.

Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa kumwinua, na kaka yangu alishaanza kutaja nyumba ya wazee. Tukiikosa ile posho ya serikali ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa, tusingekuwa na cha kumlipa mtu wa kuja asubuhi. Mama angeihama nyumba yake.

Rhiannon wa shirika la wazee alipokuja kumsaidia kuiomba posho hiyo, Mama alikuwa kajipaka rangi ya mdomo na kunilazimisha nimvalishe blauzi yake ya Krismasi.

"Bi Hilda, unavaa mwenyewe?"

"Najimudu."

"Na kuoga?"

"Najimudu, mpenzi. Kula biskuti."

Nilitamani kumfinya. Rhiannon akaweka kalamu chini, akanywa chai kidogo.

"Jirani yako wa mlango wa kijani anaitwa nani?"

"Nora." Macho ya Mama yakachangamka. Habari za Nora hazimchoshi.

"Tuseme Nora ndiye anayeishi humu, na ana mikono na magoti kama yako. Asubuhi anaamkaje?"

"Aamke wapi! Anamsubiri binti yake amvute kama gunia."

"Vifungo je?"

"Nora na vifungo? Wee! Hajafunga hata kimoja tangu mwaka juzi. Usiku chooni hawahi, maskini, ila hasemi, anaona aibu. Na binti yake kachoka. Anadhani Nora hamsikii akilia jikoni."

Nikageukia dirishani. Iliniuma, na nilimpenda mno saa ile.

"Apewe posho?" Rhiannon akauliza taratibu.

"Apewe hata leo. Maringo tu ndiyo yanayomponza."

"Basi mtilie sahihi."

Mama akanitazama, akaitazama karatasi. Akaandika jina lake mwenyewe, polepole.

Posho ilikubaliwa, mhudumu akapatikana. Asubuhi yake ya kwanza nilipiga simu kuuliza wanaendeleaje.

"Nora kaoga," Mama akasema. "Kafungwa vifungo vyote. Rudi kitandani, mwanangu, ulale."