Mwizi wa Foleni

Fundi saa alipohamia kule viungani, nyumba zilikuwa saba na kila mbwa alimjua. Miaka minne baadaye nyumba zilikuwa hazihesabiki, magari ndiyo usiseme, na safari ya nusu saa kwenda mjini ikawa ya masaa matatu. Majirani walilalamika. Yeye alipiga mluzi, maana moyo wake ulikuwa umeshazama kwenye mstari wa kulia, ndani ya gari dogo la kijani.

Mwenye gari alikuwa mwalimu wa chekechea. Kila asubuhi saa moja na robo walikutana penye bango la viwanja vinavyouzwa, wakaanza kutambaa pamoja, dirisha kwa dirisha. Walipitishiana chai na karanga. Usukani ukikosa kazi, Fundi alimkatia nyota za karatasi za watoto wa darasani. Baada ya miezi mitano alijua kwamba Mwalimu anaogopa kuku, na kwamba akicheka sana hushikwa na kwikwi. Jina lake hakulijua, wala shule, wala namba ya simu. Namba ya nini, na foleni ipo?

Ijumaa moja Mwalimu alimpitishia saa ndogo ya mkononi.

"Ya marehemu mama," alisema. "Ilisimama mwaka juzi. Utaiweza, Fundi?"

"Jumatatu itakuwa inatembea," alijibu Fundi, kifua mbele.

Na kweli, Jumatatu ilikuwa inatembea mfukoni mwake, naye alikuwa ameazimia kumposa Mwalimu palepale penye bango. Alifika kwenye bango, akalipita. Barabara mpya ya juu ilikuwa imefunguliwa Jumapili kimyakimya, na magari yalikimbia kama mbuzi waliokatiwa kamba. Dakika ishirini na mbili tu, Fundi yuko mjini, peke yake, machozi yakimlengalenga.

"Ataniita mwizi!" alimwambia fundi viatu, jirani yake wa kibanda. "Nimeondoka na saa ya marehemu!"

"Wenzako wanashukuru, wewe unaililia foleni?" Fundi viatu alijishika mbavu. "Basi nenda ukaitengeneze mwenyewe."

Fundi viatu alitania. Fundi saa hakusikia utani.

Jumanne, saa moja na robo, aliingia barabara mpya kwa mwendo wa kinyonga, taa za dharura zikiwaka, shingo nje, akichungulia kila gari lililompita. Nyuma yake honi zililia na matusi yakamwagika. "Unasindikiza jeneza?" alifoka dereva wa lori. Fundi alimpungia mkono kama bwana harusi.

Halafu magari ya mbele yakaanza kusimama. Foleni! Foleni halisi, tena siyo yake! Fundi alisogea mdogomdogo kwenye mstari wa kushoto mpaka akaona chanzo chake: gari dogo la kijani likijikokota, taa za dharura zikiwaka, na mwanamke akimkodolea macho kila dereva.

"Mwizi wewe!" alipiga kelele Mwalimu, akicheka mpaka kwikwi.

Fundi alisimama ubavuni mwake, akampitishia saa. Mwalimu aliiweka sikioni. Kwikwi ikakatika, macho yakamjaa machozi.

"Nilitaka kukuposa penye bango," alisema Fundi. "Mwendo ukanizidi."

"Si unipose hapa? Nimekubali kabla hujauliza."

Askari wa barabarani alikuja mbio, jasho likimtiririka. "Nyie! Mmeziba mistari yote miwili! Foleni imerudi mpaka kwenye bango la viwanja!"

Wale wawili walitazamana kwa furaha isiyo na aibu.

"Afande, nisamehe," alisema Fundi. "Huyu ni mchumba wangu."

Askari alitoa daftari na kalamu. "Anaitwa nani?"

Fundi alimgeukia Mwalimu.

"Eti," alisema, "unaitwa nani?"