Wakwe Waliokunywa Ujana wa Anatoli

Chunusi ya kwanza ilimtoka Anatoli puani, na furaha aliyoipata pale mbele ya kioo haisemeki. Mtu mzima, muuza mawese anayejulikana soko zima la Kasulu, babu mwenye wajukuu wanaokwenda shule, anashangilia chunusi! Aliiminya kidogo, ikamuuma, akacheka peke yake.

"Herieth!" akamwita dada yake. "Njoo uone! Damu imeanza kurudi nyuma."

Herieth alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akasonya. "Kaka, hiyo ni chunusi. Kaoge."

Kaoge! Herieth angejua nini? Mwenye kujua alikuwa Shamsia, mwanamke wa Pwani aliyehamia Kibondo kumfuata mumewe, mtumishi wa serikali. Mwaka ule wa 2014 alikuwa akija Kasulu na sanduku la magurudumu, anakusanya watu kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni na kuwaeleza kwamba kuzeeka ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Mwili, alisema Shamsia, unatengeneza homoni za ujana mpaka ufike arobaini, halafu unaingia uvivu. Sasa ya nini kuubembeleza? Tuuletee homoni kutoka nje! Akawauzia vidonge vya homoni vya kumeza asubuhi, na unga wa hudhurungi wa kukoroga kwenye maji, wenye vitamini na mizizi ya nchi za mbali ambayo hata yeye majina yalimshinda kutamka. "Mkihisi mwili unawaka na kuwasha, msishtuke," aliwaambia. "Ni ujana unaingia."

Na kweli ulikuwa unaingia! Anatoli akinywa tu, muda si muda masikio yanamchoma, shingo inamwasha, naye anakaa kibarazani anajikuna huku anatabasamu.

Yote hayo, msije mkadhani ni mzaha, yalikuwa kwa ajili ya Esteri.

Esteri alikuwa mjane wa Makere, mkulima wa maharage, mtoto wa wale waliotoka Burundi zamani wakawa raia wa hapa. Akija sokoni na magunia yake, kicheko chake kinamtangulia, na Anatoli anasahau anamuuzia nani mawese na kwa bei gani. Alimpenda, tena si kidogo. Tangu mkewe afariki hakuwahi kutamani kumsimulia mtu habari za siku nzima, ila huyu. Lakini sokoni ilizagaa habari kwamba mzee mmoja wa Muyama alikwenda kumposa, na Esteri akamrudisha kwa maneno mawili tu: "Nimechoka kuzika."

Yale maneno yalimkata maini Anatoli, maana alikuwa na miaka sitini na sita. Akaona njia ni moja tu, asiwe na miaka sitini na sita. Akapaka nywele piko, akameza kila alichoagizwa na Shamsia, na mshenga alipomuuliza umri akajibu bila kupepesa jicho, "Nimezaliwa mwaka uliofuata Uhuru. Hamsini na mbili."

Unga wake aliuhamishia kwenye kopo la siagi, akalisukuma rafuni nyuma ya chumvi. Wajukuu wale wana mikono, na babu hakutaka kuamka siku moja awakute wamerudi kuwa vichanga.

Siku ya posa ikafika. Herieth alikuwa amepika mtungi mzuri wa pombe ya mtama, wakaupakia kwenye gari la kukodi, hao wakaenda Makere. Waliowapokea ni Mzee Kipriani, baba mdogo wa Esteri, na shangazi mtu, Bibi Jeanne. Anatoli alimtazama Kipriani akajua papo hapo kwamba yeye Anatoli ndiye mkubwa, anamzidi huyu mzee miaka mitano au sita. Lakini leo yeye ni wa hamsini na mbili, na kwa desturi ya kule mdogo ndiye anayeanza kuamkia. Basi akainama, akapiga makofi ya heshima, akamwamkia mdogo wake.

"Amahoro, mzee!"

"Amahoro, kijana wetu!" Kipriani akaitikia, kifua mbele. "Hebu tusogezee huo mtungi katikati. Wewe bado una mgongo."

Mgongo gani, jamani! Anatoli aliukumbatia ule mtungi, akausogeza huku jasho la piko linamshuka shingoni, kisha akaonyeshwa mkeka, maana viti ni vya wazee.

Mirija ikagawiwa, kila mmoja wake, wote wakainamia mtungi mmoja. Esteri peke yake hakunywa. Alikaa pembeni ya shangazi yake, macho chini, akisubiri. Kwa ukoo wao mposwa hunywa mwisho, tena kwa mrija wa mposaji mwenyewe. Akinywa, amekubali. Akiuweka chini, mnabeba mtungi wenu mnarudi kwenu. Anatoli aliushika mrija wake kwa mikono miwili.

Hawajafika mbali, Kipriani akavua koti. Bibi Jeanne akalegeza kilemba.

"Yemwe! Pombe gani hii?" akasema shangazi, akijipepea. "Mbona masikio yananiwaka?"

Anatoli aliyapapasa ya kwake. Yanawaka! Moto ule aliujua vizuri. Akamgeukia dada yake polepole. "Herieth. Umetia nini humu?"

"Kimea, kaka. Jana niliionja nikaona imepoa. Nikatia kile cha kwenye kopo la siagi."

"Kopo zima?"

"Ulitaka niwatilie wakwe nusu?"

Lahaula! Anatoli alitamani ardhi ipasuke. Akasubiri mtu aanguke, lakini wapi! Kipriani alikuwa anacheka mpaka machozi, na bado hajaambiwa kichekesho. Bibi Jeanne alijisugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, akaona raha, akaendelea, kusugua kukageuka kucheza, na Herieth akamwitikia kwa vigelegele. Watu wazima wote wanajikuna, wanapiga makofi, wanamsifia mpishi. Naye Anatoli moto ukampanda kichwani, na moyo ukamfunguka.

"Vijana wa leo hawajui sherehe," Kipriani akaanza, akikuna tumbo. "Siku ya Uhuru kule kwetu Burundi, baba alinibeba mabegani nikaone bendera!"

"Mabegani!" Anatoli akaruka kutoka mkekani. "Uhuru wetu huku mimi nilitangulia na ngoma! Darasa la nne! Kutoka Muyama mpaka Kasulu, shule nzima nyuma yangu, nikaipiga ngoma mpaka ngozi ikapasuka!"

Akanyakua kigoda, akakipiga kuwaonyesha ilivyokuwa. Alipiga kweli, kiuno kinakwenda, na nyumba nzima ikaitikia. Kisha Bibi Jeanne akaacha kucheza.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ulipiga ngoma kabla hujazaliwa?"

Kigoda kikanyamaza.

Kipriani alihesabu kwa vidole, akarudia tena, akasimama ghafla. "Niliyembebesha mtungi ni mkubwa wangu?" Akainama, akapiga makofi kumwamkia upya, akasukuma kiti chake mbele. "Kaa, mzee. Yesu wangu, kaa!"

Anatoli hakukaa. Alimtazama Esteri.

"Sitini na sita," akasema. "Nywele ni piko. Chunusi ni vidonge. Na hicho kinachowawasha ni unga wangu wa ujana, umetiwa kwa makosa, mwasho utapoa sasa hivi. Nilidanganya kwa sababu nilisikia umechoka kuzika. Nikaogopa."

Esteri aliinua macho. Midomo ilimtetemeka, na kile kicheko chake kikapasuka, akacheka akashika ubavu.

"Yule wa Muyama!" akasema alipopata pumzi. "Posa yote alinieleza kaburi lake tu. Litawekwa wapi, vigae vya rangi gani, nitalifagia siku zipi! Ningemwambia nini?"

Akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na alipoendelea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mume wangu alikufa ana miaka thelathini na moja. Nikimkumbuka, sura ni ileile, hana hata mvi moja. Mimi tu ndiye ninayesonga mbele. Sasa hivi yeye ni rika la mwanangu. Kijana ninaye, Anatoli. Mzee ndiye sijawahi kumpata."

Akanyoosha mkono, akautwaa ule mrija kutoka vidoleni mwake, akainama kwenye mtungi, akanywa. Herieth akapiga vigelegele, Bibi Jeanne akampokea. Anatoli alisimama pale pale katikati ya wakwe zake, akalia kwa sauti.