Ukoko wa Kuku Wangu

Mimi napika uji katika shule ya chekechea hapa Sikuda, na mjukuu wangu Damalie, aniitaye jaja, ndiye mwalimu wa watoto. Mende walikuwa wametujaa. Mwalimu mkuu, Owori, akaleta kutoka sokoni Busia chupa ya dawa ya kupulizia, haina hata maandishi.

"Watoto hulala mchana kwenye mikeka hii, na kila kitu wanatia mdomoni," Damalie akamwambia. "Nipe wiki mbili, mwalimu."

"Haya, wiki mbili. Nikikuta mende bado wapo, napuliza."

Damalie akaziba nyufa kwa saruji, akatia unga kwenye ndoo zenye vifuniko, akatega mitego ya gundi nyuma ya kabati. Wiki ya kwanza ikaisha, mende wako tele. Akaingia jikoni uso umekunjamana.

"Kitendawili," nikamtania.

"Tega, jaja."

"Wageni wangu hula taa ikizimwa."

"Mende. Na anayewakaribisha ni wewe!" Akavuta gunia chini ya meza yangu: ukoko wa uji niliokuwa nikiwakusanyia kuku wangu. "Upeleke nyumbani kila siku, ukoko usilale hapa."

Wazazi waliokuja kuchukua watoto wakaangua kicheko. Nami nikaubeba.

Ijumaa ya mwisho Owori alimulika tochi kila pembe. Mitego mipya ilikuwa mitupu. Akairudisha chupa kwa aliyemuuzia.

Nani mwingine angethubutu kunigombeza jikoni kwangu? Damu yangu hiyo! Njia nzima ya kwenda nyumbani nilimsimulia kila niliyekutana naye.