Jina la Mjukuu wa Wakelin

Mtoto alizaliwa Jumatano asubuhi, na kabla uji wa shayiri haujachemka jikoni alikuwa amekwisha kufa. Katikati ya mambo hayo mawili Thomasine Garrod, mkunga pekee wa mji wa Stanwold, alifanya jambo ambalo kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia wanawake wenzake kwamba ni dhambi.

Alikuwa peke yake na mzazi, Cicely. Jirani aliyekuja kusaidia alikuwa ameshuka kuchukua maji ya moto. Cicely alikuwa ametokwa na damu nyingi, midomo imempauka, lakini alipoona mtoto anavuta pumzi kwa taabu alimshika mkunga mkono. "Mama Thomasine, usimwache aende bila jina," alisema, kisha akazimia.

Thomasine alikuwa mmoja wa wale waliotaka kanisa la Malkia Elizabeth lisafishwe mabaki yote ya Papa: kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba, pete ya ndoa, kupigia magoti mkate wa Ushirika, na zaidi ya yote huo ubatizo wa harakaharaka wa wanawake vyumbani, kana kwamba Mungu hawezi kumpokea mtoto mpaka mkunga amrushie maji. Watu waliwaita Wapuritani, na waliwaita hivyo kwa kejeli. Yeye aliyaamini yote hayo kwa moyo wake wote. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwake, mwepesi kama kifaranga, na mama yake alikuwa ameomba. Akachovya vidole kwenye bakuli, akamlowesha kichwa, akayasema maneno. Alipofika penye jina, ulimi haukungoja ruhusa yake. "Barnaby," alisema.

Barnaby lilikuwa jina la marehemu mumewe.

Jirani aliporudi alikuta mtoto amekwisha kata roho, nywele zimelowa. Akauliza kama amebatizwa, au ni maji ya kuoshwa tu. Thomasine akanyamaza, mwanzoni kwa aibu tu, maana wacha-Mungu wenzake wakisikia wangemtenga. Ndipo akageuka akamwona Jerome Wakelin mlangoni, baba yake Cicely na babu wa mtoto, kofia mkononi na uso umemshuka, naye anauliza lilelile. Hapo Thomasine akatambua kwamba Mungu, au mwingine asiye Mungu, amemweka mtu yule kiganjani mwake. Akanawa mikono, akachukua kikapu chake, akaondoka bila kusema neno.

Huyu Wakelin alikuwa mfanyabiashara wa sufu na mzee wa kanisa, na ndiye aliyepeleka jina la Barnaby Garrod kwenye baraza la askofu. Kosa la Barnaby lilikuwa kuhubiri bila kanzu nyeupe na kukataa kuupigia mkate magoti. Barazani walimtaka aape kwamba atajibu kila swali, kabla hata hajaambiwa maswali yenyewe. Akakataa kuapa, akafunga kinywa. Wakelin alikuwa amekaa benchi la mbele, akacheka na kuwaambia wenzake kwamba mtu mwema hana la kuficha: aseme ndiyo au siyo, arudi kwake akale. Barnaby alikaa gerezani majira mawili ya baridi, akafa kwa homa. Kwa kuwa kanisa lilikuwa limemtenga, walimtupa kwenye shimo nyuma ya gereza, pasipo kengele wala sala. Mkewe alipata habari wiki moja baadaye, tena kutoka kwa mwuza vitunguu.

Tangu siku hiyo alimchukia Wakelin kwa utaratibu kama mtu anavyosali: asubuhi, mchana na jioni.

Sasa kasisi wa Stanwold, mtu mwoga anayeogopa hata kivuli cha askofu, akasema hawezi kumzika ndani ya ukuta wa kanisa mtoto asiyejulikana kama amebatizwa. Kama angekuwa mtoto wa mtu mwingine, labda angefumba jicho. Lakini mwaka uliopita tu Wakelin mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto wa mfumaji mmoja azikwe nje ya ukuta, kwenye magugu, kwa kukosa maji hayohayo. Mfumaji bado yuko hai, na mdomo anao. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Lilihitajika neno la mkunga, na mkunga alikuwa kimya.

Siku ya kwanza Wakelin alikuja kwa vitisho. Alisema atamnyang'anya kibali chake cha ukunga, atampeleka barazani, atamfanya aozee gerezani. Thomasine aliendelea kukamua jibini lake. Siku ya pili alituma paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na kitambaa kizuri cha sufu. Vyote vilirudi na mjumbe yuleyule. Mji mzima ukawa unazungumza habari hiyo tu, na wengine wakasema mwanamke huyu ana jiwe mahali pa moyo. Aliyasikia. Alijua pia kwamba Cicely analia juu ya susu, kitanda cha kubembelezea alimolazwa marehemu mwanawe, na hakubali liondolewe. Hilo lilimkosesha usingizi, na bado hakusema.

Jumamosi, siku ya soko, Wakelin alikuja kwa miguu. Alikuwa hajanyolewa. Thomasine alikuwa amekaa kizingitini akimenya maharage.

"Bi Garrod, nakuomba," alisema. "Binti yangu atanifia. Niambie ndiyo au siyo, basi."

"Ndiyo au siyo," alisema Thomasine. "Maneno hayo nayajua. Uliyasema barazani, ukacheka."

"Nilikosea."

"Ulikosea lini? Jumatano?"

Wakelin akapiga magoti kwenye tope. Wanawake waliokuwa wakirudi sokoni na vikapu vyao wakasimama, na hakuna aliyejisumbua kujifanya hatazami.

"Inuka, mzee," alisema Thomasine. "Kwetu hatupigiani magoti. Uliliandika hilo kwenye mashitaka, umesahau? Mume wangu yuko wapi?"

"Alifia gerezani."

"Sikukuuliza alifia wapi. Nimekuuliza yuko wapi."

"Shimoni. Nyuma ya gereza."

"Pamoja na nani?"

"Na wezi wa farasi."

"Sema kwa sauti. Hawa kina mama wametoka mbali, wasirudi makwao na habari nusu."

Akasema kwa sauti. Thomasine akaweka bakuli la maharage chini. Kwa miaka mitatu alikuwa ameingoja saa hiyo, na sasa aliinywa taratibu.

"Mjukuu wako amebatizwa," alisema. "Nilimbatiza mimi, kwa maji na kwa maneno yote."

Wakelin alifunika uso kwa mikono yake, mabega yakamtikisika. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na yeye, akamwita mama mwema. Thomasine alimwacha amalize. Ndipo Wakelin alipokumbuka kuuliza jina, maana kasisi angelihitaji kwa sala na kwa kitabu cha kanisa.

"Barnaby," alisema Thomasine.

Wakelin alikuwa bado amepiga magoti. Rangi ilimpanda usoni, kisha ikamshuka yote. "Umefanya makusudi," alisema.

"Sijui kama nilifanya makusudi. Lakini nimefurahi. Hulitaki? Nenda kamwambie kasisi kwamba sikumbatiza. Naapa sitakupinga, nami si mtu wa kuapaapa. Nje ya ukuta nafasi ziko nyingi."

Wakelin alikaa kwenye tope lile kwa muda mrefu, na kila aliyemwona alijua anapima kipi kichungu zaidi. Kisha akainuka, akaenda kanisani.

Mtoto alizikwa alasiri ileile, ndani ya ukuta, upande wa jua. Kengele ililia, kengele ambayo Thomasine siku zote aliiita kelele za kipagani, na safari hii aliisikiliza mpaka mwisho. Kasisi, amevaa kanzu yake nyeupe, aliuliza jina la marehemu. Wakelin akanong'ona. Kasisi hakusikia, akauliza tena. "Barnaby," alisema Wakelin, mbele ya mji mzima. Na kasisi akamkabidhi Barnaby kwa Mungu, kwa sala zilezile ambazo kanisa hilo lilimnyima Barnaby mwingine. Moyo wa Thomasine ulijaa mpaka ukamwuma. Pale langoni ndugu wawili wa jamaa yake ya sala walimwambia asije tena kukaa nao mpaka atubu kwa kubatiza, akaitikia kwa kichwa tu na kupita.

Kutoka hapo alikwenda kwa Cicely, maana siku ya tatu ndiyo maziwa huja, mtoto awepo asiwepo. Alimkuta ameketi kitandani, nguo imelowa kifuani, susu tupu kando yake. Thomasine akatoa kitambaa kirefu akaanza kumfunga matiti ili maziwa yakauke.

"Ulijua tangu Jumatano," alisema Cicely.

"Nilijua."

"Siku tatu, mama. Nimemkumbatia siku tatu nikiamini nimempoteza duniani na mbinguni pia. Jina si kitu, ningelipokea. Ungeninong'oneza mimi tu. Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu, mwanangu."

Cicely akageuza uso ukutani. Thomasine aliendelea kuzungusha kitambaa, akikaza polepole ili asimwumize. Alijitafuta moyoni akaona majuto juu ya binti huyu, majuto makubwa yasiyo na pa kuwekwa. Akatafuta na majuto juu ya baba yake, asiyaone hata kidogo. Kama Jumatano ile ingerudi, angenyamaza vilevile, na Cicely angelia vilevile. Akafunga fundo, akamwambia asiguse kitambaa mpaka Jumanne, akatoka.