Mrija wa Radhiya

Mlio ulibadilika. Mahfudha alikuwa akikamua shashi kwenye beseni aliposikia, akaiacha ikaanguka majini. Tangu asubuhi pumzi ya mtoto ilikuwa ikipita kwenye mrija kwa sauti laini, kama ya mtu apulizaye chai ya moto. Sasa ilikuwa na mkwaruzo. Kitu kizito kilipanda na kushuka ndani.

"Kuna nini, Bi Mahfudha?" Ummu, mama wa mtoto, aliinuka kwenye mkeka.

"Makohozi. Mshike mikono. Mwambie ni mimi, asiogope."

Alichomoa mrija mdogo wa ndani, akautia kwenye bakuli la maji ya magadi. Kisha akapitisha mpira mwembamba katika tundu la shingo ya Radhiya, akavuta kwa bomba la sindano, polepole. Mtoto alijikunja. Kinywa kilifunguka, machozi yakamwagika, lakini kilio hakikusikika. Mpira ulitoka na utando wa kijivu. Mahfudha aliusugua mrija kwa unyoya wa kuku, akaurudisha mahali pake. Pumzi ikalainika tena.

"Mato tu ndiyo yaliayo," Ummu alisema. "Sauti hapana."

"Sauti hupita juu, na juu kumezibwa na ugonjwa. Dawa ikiuondoa, mrija utatolewa."

"Na sauti itarudi?"

Mahfudha alizikunja shashi, akazikunjua, akazikunja tena. "Daktari asema hurudi."

Ilikuwa dondakoo. Ummu alikuwa amemleta mwanawe kutoka kisiwani Ndau siku iliyotangulia, shingo imevimba, midomo imegeuka rangi, na Daktari alimpasua koo palepale ili apate pa kupitishia hewa. Asubuhi hii habari zilikuja kwamba watoto wengine Ndau wana homa na hawawezi kumeza. Daktari alitia chupa za dawa kwenye sanduku, akaelekea kwenye motaboti. Mlangoni alisimama.

"Mrija wa ndani utoe, uusafishe kila usikiapo mkwaruzo. Wa nje usiuguse. Ukitoka, tundu litajifunga."

"Na ukitoka?"

Alimwonyesha koleo la kutanulia, na mrija wa akiba uliokwisha kuchemshwa, vyote katika sinia chini ya kitambaa. "Utautia wewe."

Mahfudha aliwahi kuona jambo hilo likifanywa mara moja, akichungulia nyuma ya bega la Daktari. Hakuwahi kulifanya. Alipofiwa na mumewe aliajiriwa hapa zahanatini kufua mashuka, na kaka yake kule Mkomani akasema binti wa nyumba yao hafui makohozi ya watu. Mahfudha alimwamkia kila Ijumaa kwa heshima zote, na kila Jumamosi akarudi kazini. Taratibu Daktari alianza kumkabidhi wale wasioweza kupumua: wazee wa pumu, watoto wa nimonia. Akachemsha birika la mvuke, akawapandishia mito, akaketi nao. Wengine aliketi nao mpaka pumzi ya mwisho.

Baada ya swala ya adhuhuri mlango ulisukumwa. Badawi, baba yake Radhiya, alikuwa mikokoni akikata boriti, habari zikachelewa kumfikia. Tope lilikuwa limemkaukia miguuni mpaka magotini.

"Yu wapi mwanangu?"

Kisha akamwona. Alisimama pale pale.

"Mumemfanyani?"

"Bwana Badawi, karibu. Keti nikueleze."

"Nani aliyewapa ruhusa kumtinda koo kama kuku?"

"Mimi," Ummu alisema. "Alikuwa akifa, baba Radhiya. Alikuwa akifa mikononi mwangu, wewe hukuwapo."

Radhiya alimwona babake, akanyoosha mikono. Midomo yake ilisema *Baba*. Badawi aliinama, akaweka sikio karibu. "Sema, mwanangu. Sema nisikie." Hewa ikatoka shingoni, basi.

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umeharibika.

"Mumemkata sauti. Namtwaa mwanangu. Kama ni kufa, na afe kwetu."

"Usimwinue!" Mahfudha alimzuia kwa mikono miwili. "Mrija huo—"

Lakini alikwisha kumnyakua. Fundo la utepe uliofunga mrija shingoni lilinasa kwenye kifungo cha shati lake, mtoto akakohoa kwa nguvu, na mrija ukachomoka. Uligonga saruji, ukaviringika chini ya kitanda.

Radhiya alivuta hewa. Hakuna kilichoingia. Ngozi ilididimia katikati ya mbavu.

"Mlaze! Ummu, mto chini ya mabega! Kitwa kiende nyuma!" Badawi alikuwa ameganda. "Badawi!" Mahfudha alimpigia ukelele, bila kumwita bwana, bila heshima. "Mshike mabega asigeuke!"

Akamshika.

Tundu lilikuwa limejikunyata, damu imelifunika. Mahfudha alipangusa, akaingiza koleo. Likateleza. Akaingiza tena, likagota kwenye nyama. Midomo ya mtoto iligeuka zambarau, na miguu iliyokuwa ikipiga godoro ikaanza kutulia. Utulivu ule ndio uliomtisha Mahfudha, alikuwa anaujua.

"Bismillahi," alisema. Aliliweka koleo kando, akapapasa kwa kidole ndani ya jeraha mpaka akaigusa pete ngumu ya koromeo na mwanya wake. Kidole kikabaki pale. Koleo likafuata ukingo wa kidole. Akatanua.

Hewa ikalia kama filimbi. Kisha kikohozi, damu na makohozi vikamrukia usoni. Hakujipangusa. Aliutia mrija wa akiba ukiwa umelala ubavu, akauzungusha, akausukuma chini. Uligoma, halafu ukaingia. Kifua cha mtoto kikapanda.

Aliubana kwa vidole viwili mpaka Ummu alipomaliza kufunga utepe, na hata baada ya hapo hakuuachia mara moja.

"Apumua?" Badawi aliuliza. Bado alikuwa ameyashika mabega.

"Apumua."

"Ni mimi niliyeutoa."

"Ni fundo, lilinasa," Mahfudha alisema. "Muwate sasa. Taratibu." Badawi akamwachia.

Alitoka barazani. Akakaa kwenye kidaraja cha mlango, uso ungali na damu. Ummu alimletea kata ya maji, akamnawisha uso, kwanza paji, kisha mashavu, kama anavyonawishwa mtoto. Jua lilikuwa limeinama. Motaboti haikusikika bado.

Aliporudi ndani, Radhiya alikuwa amelala. Badawi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kiganja chake kigumu kimekingwa mbele ya mdomo wa mrija, hakiugusi. Kila pumzi ilipotoka, vidole vyake vilifunguka kidogo. Ilipochelewa, aliinua macho kumtazama Mahfudha, na hakuyashusha mpaka ilipokuja.